Mpiganaji wa Karibu

Mwanamke yule alikuwa amesimama ndani ya kioo cha kompyuta, mikono mitupu, akizunguka polepole kama mtu anayepimwa nguo na fundi. Hakuwa na silaha wala jina. Pembeni yake zilipangwa alama za kugawa: nguvu, uhai, pumzi, wepesi. Kila nilipoongeza hapa ilinibidi nipunguze pale. Nyuma yangu kaka yangu Tadei alikuwa akigonga meza kwa kidole.

"Mpe shoka," alisema. "Shoka la mikono miwili, nguvu zote, basi. Tangu juzi unafikiria nini?"

Nilimpa yule mwanamke shoka, nikamnyang'anya. Nikampa mkuki mfupi na ngao pana, nikaona amejificha nyuma yake kama mtu anayechungulia mlangoni, nikamnyang'anya na hivyo pia.

Novemba ile sikuweza kutulia juu ya kitu chochote. Upepo wa Sumbawanga ulizunguka mjini ukiokota vumbi na mifuko, ukiitafuta mvua isiyotaka kuja, nami nilizunguka nao: kutoka nyumbani Kasense hadi dukani kwa Tadei, kutoka dukani hadi sokoni kununua kitu nisichokihitaji, kisha dukani tena. Kanisani nilipiga magoti nikajikuta nahesabu madirisha. Mama akinipa ulezi niupepete, niliuacha kwenye ungo nikaenda kusimama uani, natazama barabara bila kumngoja mtu.

Nilikuwa novisi, nikiandaliwa kuwa sista katika nyumba ya watawa. Zilibaki wiki chache niweke nadhiri za kwanza, na mlezi wetu alikuwa ameniruhusu kuja nyumbani nipumzike. "Nenda ukakae na wazazi wako, Bertilla," aliniambia. "Ukirudi, urudi mzima." Hakusema zaidi. Masista hawakunitendea ubaya wowote, na hilo ndilo lililonitesa. Ningekuwa nimeonewa, ningejua cha kusema.

Tadei alikuwa na duka la kutengeneza simu karibu na stendi, na nyuma ya pazia aliweka kompyuta mbili alizoziunga mwenyewe kutoka kwenye mabaki. Humo ndimo yeye na wenzake walimochezea gemu lao la mtandaoni. Watu wanne huunda kikosi, kila mmoja popote alipo, wanashuka kwenye ngome za kale kupigana na madubwana. Nilipofika kwa mara ya kwanza kumsalimia tu, alinivutia kiti. Akaniundia mganga mwenye kanzu nyeupe.

"Wewe si sista? Utatuponya."

Basi nikawa nasimama nyuma kabisa, mbali na vishindo, nikirusha mwanga juu ya majeraha ya wenzangu. Nililifanya vizuri. Hakuna aliyekufa nikiwa zamuni. Na kila tulipomaliza nilibaki na hasira ambayo sikujua inatokea wapi, nikatembea hadi Kasense kwa hatua za mtu aliyetukanwa.

Kisha kijana aliyekuwa akisimama mbele katika kikosi chao alihamishiwa kazi sehemu isiyo na mtandao wa maana. Ngome kubwa ilikuwa inafunguliwa Jumamosi mchana, na hawakuwa na mtu wa kupigana karibu, uso kwa uso na dubwana.

"Nitasimama mimi," nilisema.

Tadei alicheka mpaka akaegemea ukuta. Shija hakucheka.

Shija alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakaweka makazi upande wa Chala. Yeye alikuwa mjini akisomea mifugo. Hakuvua kofia yake ya pama hata akiwa ndani, na alizungumza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno moja, halafu anatafuta jingine.

"Anayesimama mbele anapigwa, dada," alisema. "Kupiga kila mtu anajua. Wewe jiulize, ukishapigwa, unabakije?"

Akanionyesha. Shoka kubwa linaua haraka, lakini kulinyanyua ni kazi, na likikosa limekosa. Umebaki wazi kifua kizima. Ngao inakuweka hai, lakini haiui, na walio nyuma yako watachoka kabla dubwana halijachoka. Ndiyo maana watu hubishana usiku na mchana kuhusu mpiganaji wa karibu, alisema. Kila namna ina kaburi lake.

Nilisoma maandishi yote, hata yale madogo ya chini ambayo Tadei aliyaruka. Na huko ndiko nilikokuta njia ambayo hakuna aliyeitaja. Rungu fupi la chuma. Deraya nzito, lile vazi la chuma la vita, na nguvu za kutosha kuibeba tu, si zaidi. Alama zote zilizobaki ziende kwenye ujuzi mmoja: kila pigo lako linalompata adui linakurudishia sehemu ya uhai aliokuondolea.

"Hiyo ni ya kujiua," Tadei alisema alipokisoma kioo juu ya bega langu. "Uhai wako unakuwa kwake. Ukirudi nyuma kupumua, hupati kitu, unakufa. Inabidi ukae puani kwake muda wote."

"Naona."

"Na ukishathibitisha hubadilishi. Mpaka uanze upya kabisa."

Nilimwangalia Shija. Aliinua mabega. "Ni yako," alisema.

Nilithibitisha. Mwanamke kwenye kioo akakunja vidole kwenye mpini wa rungu, akaacha kuzunguka, akanitazama. Jioni ile nilikula ugali nikaongeza, na mama yangu, Dominika, akamkonyeza baba kwamba hewa ya nyumbani imeanza kunikubali.

Jumamosi mawingu yalikuwa yamelala juu ya mji toka asubuhi. Tulishuka kwenye ngome saa nane. Tadei na upinde wake nyuma, Shija na shoka ubavuni, na mwenzetu mmoja wa Dodoma tuliyemjua kwa sauti tu alichukua kanzu yangu ya zamani ya uganga. Mimi mbele. Sikuwa nimejua jinsi dubwana linavyokuwa kubwa ukilisogelea. Kutoka nyuma nilikuwa nikiliona lote, kichwa hadi kwato. Sasa niliona goti tu, na kivuli cha ngumi ikishuka. Lilinipiga uhai ukashuka hadi robo. Mwili wangu wote, huku kwenye kiti, ulitaka kurudi. Nikapiga. Uhai ukapanda kidogo. Nikapiga tena, na tena, goti lile lile, nikiwa nimebanwa kiasi kwamba halikuweza kunyoosha mkono vizuri, nikagundua kitu ambacho maandishi hayakukisema: karibu kabisa kuna utulivu. Hofu yote iko katikati ya njia.

Shija akaanguka. Yule wa Dodoma akaishiwa nguvu za kuponya.

"Rudi nyuma!" Tadei alipiga kelele. "Dada, rudi! Tujipange!"

"Sirudi!"

"Rudi, utakufa!"

"Nimesema sirudi!" Nilikuwa nimesimama, kiti kimeanguka, hedfoni zimenishuka shingoni. "Sirudi! Sirudi mimi!"

Ndipo nikaona Tadei hatazami kioo tena.

Baba alikuwa amesimama amelishika pazia. Baba yangu ni katekista. Maximilian wa Kasense, kila mtu anamjua, na hakuwa amekanyaga chumba kile hata siku moja. Mlezi alikuwa amempigia simu kuuliza siku gani nitasafiri, ili watume mtu wa kunipokea. Baba hakutaka kunipa ujumbe huo kwa simu. Alipanda baiskeli akaja mwenyewe.

Mikono yangu ilitoka kwenye vitufe. Yule mwanamke alisimama bila kupiga, na bila kupiga hakuwa na kitu cha kumweka hai. Sikumtazama akianguka, nilisikia tu mlio wake.

"Tulibakiza kidogo sana," Shija alinung'unika, kisha akageuka, akaivua ile kofia upesi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," baba alisema, akinitazama mimi.

Tulitembea pamoja kwenda nyumbani, yeye akisukuma baiskeli katikati yetu. Upepo ulivuma kutoka upande wa milima, wenye harufu ya ardhi iliyolowa mahali pengine. Tulipita nyumba za mwisho za mji kabla hajazungumza.

"Umesema hurudi."

"Ilikuwa gemu, baba. Tadei alikuwa ananiambia nirudi nyuma—"

"Hayo nimeyaelewa. Mimi si mtoto." Alisimamisha baiskeli. "Nakuuliza wewe."

Mlango wa kukwepa ulikuwa wazi. Ningesema ni mchezo tu, baba, nitasafiri Jumatano, naye angenishukuru, tukaendelea na safari.

"Sirudi, baba," nilisema.

Safari hii kwa sauti ndogo, na ilinichukua pumzi zaidi kuliko kelele zote za nyuma ya pazia.

Alitazama barabara. "Ni yule kijana wa kofia?"

"Hapana."

"Usinidanganye."

"Baba, Shija ana mchumba. Si Shija. Si mtu yeyote."

"Walikufanya nini kule?"

"Hawakunifanya kitu. Nashona kanzu, napanga maua, naomba kwa saa zake. Nakaa vizuri. Lakini kila kitu nakiona kwa mbali, baba, kama naangalia kutoka ng'ambo ya bonde. Hata Mungu."

Alihamia Kifipa, lugha anayoitumia kwa mambo asiyokusudia kuyasema mara mbili. Aliniambia kwamba anayemwacha Mungu na anayeiacha nyumba ya watawa si mtu mmoja, ingawa watu watawaita jina moja. Akaniuliza mimi ni yupi kati ya hao.

"Ninaiacha nyumba," nilijibu.

Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuunyanyua. Akaanza kusukuma baiskeli. Matone ya kwanza yalitupata tukiwa bado mbali na nyumbani, na hakuna aliyeongeza mwendo.

Ni miaka sasa. Ninaishi Laela, ninaendesha trekta la kikundi cha wakulima. Kuanzia mvua za kwanza nalala na kuamka na udongo kwenye kope. Wapo wanaonicheka bado, sista wa trekta, na wapo wanaonipigia simu mapema wasikose zamu. Shija alirudi Chala, anatibu ng'ombe. Tadei bado anacheza. Ananiambia ile namna yangu ya rungu siku hizi imekuwa maarufu, vijana wanafundishana. Sijui kama ni kweli au ananifurahisha. Naomba kila siku. Kuna asubuhi nakosea, naanza sala ya saa ya kwanza kama kule, nikiwa tayari kwenye usukani, na naimaliza.

Lakini msimu ule wa kwanza baba hakuzungumza nami. Jumapili aliwaambia watu wa jumuiya kwamba binti yake amerudi nyumbani, akakaa, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Baada ya hapo maneno yote yalipitia kwa mama, hata nikiwa nimesimama mbele yake. "Dominika, mwambie Bertilla alete maji." Mama alinigeukia na kunirudia ujumbe neno kwa neno, uso mkavu, nami nikaleta maji.

Tulikwenda shambani watatu kuvunja matuta ya mwaka uliopita, yale ya mviringo tuliyofukia majani ndani yaoze, ili tupande ulezi. Mvua ilikuwa imepiga usiku na udongo ulikuwa mweusi, unatoa mvuke. Mama alichukua mstari wa kati. Tulilima mpaka jua likatoka mawinguni. Mimi nilikuwa natangulia, nikipiga jembe haraka haraka, bado na ile haraka isiyo na mahali pa kwenda.

"Bertilla."

Jembe la mama lilisimama hewani, kisha likashuka, likaendelea kwa kasi kuliko mwanzo.

"Ndiyo, baba."

"Hilo tuta hujalivunja. Umelikwangua tu juu. Majani yako chini."

Nilitazama alipokuwa akinionyesha kwa kidevu. Ilikuwa kweli. Nikashusha pumzi, nikalipiga tuta lile kwa nguvu hadi likafunguka, na harufu nzito ya majani yaliyooza ikapanda ikatufikia sote.

"Sasa sawa," alisema, akainama kwenye mstari wake.