Marehemu Anaomba Kurudi Kwao

Damaris alizikwa kwao Mumias Jumamosi. Jumatatu yake alikuwa Jeddah, mtaa wa Safa, akipiga pasi kanzu za bosi.

Aliyekufa ni Jael, aliyekuwa akifanya kazi Riyadh, kwa dada yake madam, mwajiri wa Damaris. Lakini pasipoti za wafanyakazi wa nyumba zote mbili madam aliziweka kwenye kopo moja la biskuti. Dereva alitumwa kuchukua ya Jael ili maiti isafirishwe, akabeba ya Damaris. Wakenya wote, vitambaa kichwani wote, nani aangalie sura? Sanduku likafika Mumias limefungwa, na amri juu yake kwamba lisifunguliwe.

Damaris aliuona msalaba wenye jina lake Facebook. Akampigia binamu yake Kevin. Kevin alipoona namba ya marehemu, akaiblock. Damaris akampigia mama.

"Mwanangu," mama akasema, "tulikuzika vizuri, hata ng'ombe tulichinja. Kama tulikosea mahali tuambie. Lakini usiwatokee watoto, tafadhali."

Simu ikakatika. Damaris akalia mpaka pasi ikaunguza kanzu.

Chuoni alikuwa amesoma hadithi za Kirusi, za watu wanaomezwa na makaratasi. Mwalimu aliuliza kama mtu aliyefutwa na karatasi yu huru. Damaris akajibu ndiyo, maana hakuna tena wa kumtuma, na darasa zima likampigia makofi. Loo, ujinga wa ujana jamani!

Begi la Jael lililetwa kutoka Riyadh na simu ndani. Kila alasiri simu hiyo ililia, na Damaris akaipokea akasikiliza. Ilikuwa sauti ya Stacy, binti yake Jael wa miaka sita: "Mum, unakuja lini?" Nyumba nzima ikawa kama ina mtu mwingine anayepumua.

Madam akampeleka ofisi ya uhamiaji kuomba ruhusa ya kurudi kwao. Karani akabonyeza kompyuta, akatikisa kichwa. "Damaris mafi, hakuna. Damaris amekufa, hawezi kusafiri. Lakini Jael yuko hai, pasipoti yake iko. Tia sahihi ya Jael, kesho uko kwenu."

"Na nikisema mimi ni Damaris?"

"Faili inafunguliwa upya. Utakaa kizuizini. Miezi, mwaka, Mungu anajua."

"Yalla, tia sahihi," madam akasema. "Jina ni jina tu."

Kesho! Alitamani kwao mno. Lakini Jael akishasafiri kwa karatasi, hatakuwa amekufa popote. Stacy atamngoja mpaka azeeke, na mama yake Damaris ataendelea kupalilia kaburi la mtoto wa wenyewe.

Akashika kalamu, akaandika: Damaris.

Karani akaichana fomu. "Halas, imekwisha! Marehemu hatii sahihi."

"Basi lete nyingine," Damaris akasema, akavuta kiti akaketi.