Nyumba ya Kanali Lathrop

Desturi ya jeshi la Marekani mwaka ule wa 1911 ilikuwa hii: ofisa mwenye cheo kikubwa akihamia kambini, huchagua nyumba aitakayo, na aliyemo afungashe virago. Elbridge Lathrop alishatolewa hivyo mara tisa, tangu luteni hadi meja, mpaka mkewe Hester akakoma kufungua masanduku yote.

Siku alipofika kambi ya Kansas akiwa kanali, Lathrop alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya matofali yenye baraza pana. Mke wa kapteni aliyeishi humo alimfungulia, amembeba mtoto. Sebuleni, masanduku yaliyofunikwa vitambaa yalikuwa ndiyo meza.

“Tupe hadi kesho, Kanali,” alisema, wala hakushangaa.

Lathrop akavua kofia. “Samahani, bibie. Nimekosea mlango.”

Akachukua nyumba tupu kando ya mabanda ya farasi.

“Miaka ishirini na sita nangoja uwe kanali, unaniletea harufu ya mavi!” Hester alifoka. “Nani mwingine angeikubali hii?”

“Hakuna.”

Hester akazitazama kuta upya. Kisha akaomba nyundo, akaanza kung'oa misumari ya sanduku lililofungwa tangu harusi yao.