Patriki wa Kilvarna

Mkokoteni ulikuwa umeshatoka uani kwa kanisa, farasi akikung'uta masikio kwenye manyunyu, na Mtakatifu Patriki amesimama juu yake akibariki watu kwa mkono wa kushoto.

"Wa kulia, mjinga we," Malachy Tuohy alinong'ona.

Alikuwa amebaki getini na viatu vyake vyeusi vya kuvalia joho ndani ya mfuko. Kwa miaka ishirini na miwili, kila maandamano ya sikukuu ya mtakatifu huyo, Patriki wa Kilvarna alikuwa yeye. Leo amefika na kukuta ndani ya lile joho la kijani yumo rafiki yake, Colman Deely, na pindo lilimuishia kwenye ugoko, maana lilishonwa kwa kipimo cha mtu mfupi.

Attracta Coyne, fundi aliyelishona, alimkuta pale.

"He, Malachy! Si tumeambiwa mgongo umekulaza?"

"Nani kawaambia?"

"Colman." Attracta akawa anavuta uzi usiokuwapo kwenye koti lake. "Basi nisikufiche. Aliiambia kamati ya sikukuu kwamba ulikunywa. Habari ya mgongo ni ya kukusitiri tu."

Kilvarna hapavai mtu joho lile bila beji ya walioapa kutoonja pombe. Malachy alikuwa nayo kifuani tangu ana miaka kumi na sita. Kiapo alikivunja mara moja tu, siku alipomzika mkewe, Nuala, na alimwambia mtu mmoja, wakiwa wawili kinamasini wakikata ule udongo mweusi unaochomwa kama kuni. Colman alichomeka jembe lake chini, akasema, "Limeshazama humu, ndugu yangu. Halitoki." Na Malachy akamwamini! Yeye, aliyekata udongo ule toka utotoni, aliyewahi kufukua humo pipa la siagi la watu wa kale, siagi bado nyeupe. Kinamasi hakiozeshi kitu. Kinatunza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa kimezivaa kabisa.

Aliufikia mkokoteni mbele ya bucha, uliposimama ili Patriki agawe vishada vya shamroki, kijimea chenye majani matatu cha sikukuu yake.

"Nibariki, Baba Askofu."

Colman aliiva uso. "Malachy. Si hapa."

"Wapi basi? Kinamasini?"

"Waliniuliza. Ningesema uongo?"

"Walikuuliza, au uliwafuata?"

Colman aliinama, akashusha sauti. "Miaka ishirini na miwili wewe uko huku juu, mimi huko chini nimeshika hatamu. Umewahi siku moja kuniuliza kama mkono umechoka?"

Hakuwahi. Kumbe miaka yote ile mwenzake alikuwa akihesabu, na yeye akidhani wanatembea pamoja.

Malachy akaifungua beji kifuani, akaidondosha kwenye kikapu cha shamroki, kisha akawageukia watu.

"Nilikunywa! Siku ya Nuala. Wiski, chupa nzima, jikoni kwangu, peke yangu."

Wapiga tarumbeta wa maandamano wakashusha tarumbeta zao. Kisha mwenye bucha akapaza sauti: "Chupa nzima, na mimi niko mlango wa pili, hukuniita?"

Watu wakaangua kicheko, kile cha kumpenda mtu. Mmoja alimpiga begani, mwingine akamshika mkono. Malachy naye alikaribia kucheka. Ndipo alipomsikia Colman kule juu, anacheka pamoja nao, kama si yeye aliyemchongea. Akaufunga mfuko wake wa viatu, akaondoka.

Colman alivaa joho miaka minne, kisha akapooza upande mmoja na binti yake akamchukua kwake, mjini Sligo. Attracta aliliongeza pindo mara mbili, halafu macho yakamshinda. Farasi aliuzwa; sasa ni trekta. Kamati ilifuta sharti la beji, haikusema kwa nini. Malachy aliishi miaka mingine tisa, akikata udongo wake peke yake, na hakusemezana tena na Colman. Siku ya mazishi ya Malachy, Colman aliletwa kwa gari. Alikaa humo, kioo kimepandishwa, mpaka watu wote walipotawanyika.