Triko za Siku Tatu

Karatasi ilikuwa moja tu, lakini Nzohabonayo aliigeuzageuza kana kwamba nyuma yake kuna maneno mengine yaliyofichwa. Hakujua kusoma zaidi ya jina lake. Akampa binti yake, Alida, macho yake yakabaki kwenye mdomo wa mtoto.

"Triko mbili, sweta za baridi," Alida akasoma. "Koti ya mvua. Bote za matope. Blanketi. Nguo za kuvaa moja juu ya ingine, sababu kule mvua na jua vinabadilika kila saa."

"Safari ni ya siku ngapi?"

"Tatu, Papa. Si balikuambia?"

"Siku tatu! Blanketi ya nini?"

Ofisi inayosimamia kambi ya wakimbizi ilikuwa imemchagua yeye na wenzake tisa wavuke kwenda Burundi, waone milima yao, kisha warudi huku Fizi, Kongo, wawaeleze wengine kama kuna amani. Ndivyo walivyosema. Yeye alisikia mengine. Mtu anayekwenda kuangalia tu habebi blanketi; blanketi hubebwa na anayehamishwa. Watamshusha kwao Mugamba, milimani, wamwache na mvua yake, waandike kwamba amerudi kwao kwa hiari. Na Alida je? Mimba ya miezi minane, na mumewe Gordien yuko Lulimba anachimba dhahabu, hata salamu hatumi. Baba asiporudi, huyu atajifungua mikononi mwa nani?

Kuwaamini wakubwa alishawahi. Mwaka juzi mkewe, Marie-Goreth, alipozidiwa, waliambiwa gari linakuja. Likaja kweli, siku ya tatu baada ya maziko. Dereva akatoa karatasi, Nzohabonayo aweke kidole kushuhudia kwamba gari limefika. Akaweka. Angekataaje? Gari lilikuwa limefika.

"Basi usiende," Alida akasema.

"Na shamba ya baba yangu? Nani ataniambia kama kuna muntu analima mule? Nitaenda. Lakini mufuko nitafunga mi mwenyewe."

Akatia shati moja, sabuni na wembe. Alida akachomeka triko, baba akaichomoa.

"Papa, kule iko baridi, utakufa!"

"Nilizaliwa kule. Asubuhi ukungu, saa sita jua ya kuchoma, saa nane mvua ya mawe. Ndiyo maana sibebe. Muntu bila triko hawezi kuachwa Mugamba. Hata bo bakubwa batasikia haya."

"Haya? Bo?" Alida akacheka bila kutaka.

Kesho yake asubuhi wasafiri walipanga foleni kando ya gari. Wilfried, karani wa ile ofisi, mwanaume wa mji wa Baraka mwenye kitambi, ndiye aliyekagua mizigo na ndiye atakayesafiri nao. Akaubonyeza mfuko wa Nzohabonayo.

"Muzee, triko iko wapi?"

"Sina."

"Si tulikuandikia!"

"Shefu, fungua ya kwako kwanza."

"Afungue! Afungue!" foleni ikapokea kwa vicheko.

Wilfried akaona aibu, akafungua valizi. Triko tatu, koti ya mvua, bote, blanketi.

"Na we unaenda siku ngapi?"

"Tatu, kama nyinyi. Mara ya kwanza nilienda na shati tupu, nikatetemeka kama kuku ya kunyeshewa. Ile liste ni mi niliandika."

Nzohabonayo akaanza kumwamini, halafu akasita. Blanketi linaweza kuwekwa pale lionekane tu. Wakubwa wanajua kupanga vitu. Lakini huyu Wilfried, mkewe Solange anauza samaki sokoni Baraka, kila mtu anamfahamu. Huyu atarudi tu, na triko yake atataka irudi naye.

Basi akainama kwenye ile valizi, akaichomoa triko iliyo nzito kuliko zote, akaivaa pale pale katika joto la kando ya ziwa, akafunga vifungo hadi shingoni.

"Eh, Muzee! Hiyo ni yangu!"

"Naijua."

"Utanirudishia lini?"

"Siku ya tatu, hapa hapa, mbele ya mutoto wangu."

Watu wakaangua kicheko. Alida akaficha uso kwa kitenge. Nzohabonayo hakucheka. Akapanda gari, jasho likimchuruzika, akachagua kiti cha karibu na mlango, na ubavuni pake akamwachia Wilfried nafasi ya kukaa.