Kikombe Siku ya Mfungo

Tulikuwa katika siku ya pili ya mfungo mkavu wakati wauguzi walipoleta chanjo ya kipindupindu kwenye shule ya jirani, hapa mtaani kwetu Mabatini. Ilikuwa chanjo mpya, na haikuwa ya sindano. Ilikuwa ya kunywa.

Mama Odeta, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, alitutazama mmoja mmoja.

"Tumemwahidi Mungu kwamba hata tone la maji halitapita midomoni mwetu mpaka kesho jioni, ili atuondolee ugonjwa huu. Leo shetani ametuletea kikombe."

"Lakini mama, kesho wanahamia mtaa wa Kiseke," nikasema. "Hawarudi huku."

"Waende salama. Adoyo, chagua. Kikombe au kikundi."

Alijua anachonitishia. Mume wangu alipozama ziwani, wanawake hawa ndio waliolala nami sakafuni mpaka nikaweza kulala peke yangu. Ndugu zangu wako mbali, Shirati. Nikitolewa kikundini, nani ataniita dada katika mji huu?

Lakini kazi yangu kikundini ilikuwa kufua mashuka ya wagonjwa. Wiki iliyopita nilifua ya Ajwang. Ajwang alifunga mfungo uliopita pamoja nasi, akaomba kuliko sisi sote, na tukamzika. Sasa mashuka ya mgonjwa mwingine, Mama Chenge, yalikuwa yananisubiri kwenye beseni, uani nyuma ya chumba chetu cha maombi. Wenzangu waliuombea ugonjwa uondoke. Mimi niliuombea huku mikono yangu imo ndani yake.

Nikajifunga kanga, nikaenda shuleni.

Foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wanatishana. Mmoja alisema tunajaribiwa kama panya. Ngosha, msukuma mkokoteni, akacheka. "Mimi nimekunywa gongo ya Mabatini miaka yote. Hicho kikombe ndicho kitakachoniogopa!"

Mimi sikucheka. Niliogopa kweli. Nilipofika mezani nikamuuliza muuguzi, "Dada, hii inakinga?"

"Inapunguza hatari, mama. Haimkingi kila mtu. Bado utachemsha maji, bado utanawa kwa sabuni."

"Na madhara yake?"

"Wengine tumbo linawasumbua kidogo. Ni mpya, sitakudanganya kwamba tunajua yote. Mimi nimekunywa."

Nikapenda jibu lile. Hakuniahidi makubwa. Aliyetuahidi kwamba hatakufa mtu alikuwa Mama Odeta, na Ajwang yuko kaburini.

Nikapiga magoti pale pale, mbele ya foleni nzima.

"Bwana, ahadi niliyokupa naivunja mbele ya macho yako, sijifichi. Mikono hii wewe ndiye uliyeipa kazi. Kama nimekosa, unihukumu wewe mwenyewe. Amina."

"Mama, foleni!" mtu akapiga kelele.

Nikanywa. Maji yalikuwa na ladha ya magadi. Nikayamaliza yote.

Jioni nilirudi kwenye maombi. Habari zilikuwa zimenitangulia. Mkeka wangu ulikuwa umekunjwa na kuegemezwa nje, mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikamwambia Mama Odeta.

Hakuitikia. "Aliyevunja mfungo hawezi kuomba na waliofunga."

"Sawa. Mkeka wangu mmeutoa. Na beseni?"

Nikaelekeza kidole uani.

"Mashuka ya Mama Chenge bado yako uani, mama. Toka asubuhi hajayagusa mtu. Nani atafua?"

Mwenzetu Paskazia akatazama miguu yake. Mwingine akajitia kutafuta ukurasa katika Biblia. Mama Odeta akafungua kitabu cha nyimbo.

"Basi nitafua mimi," nikasema. "Na nitaomba nikifua. Hilo halihitaji ruhusa yako."

Nikaenda uani. Nikamimina klorini, nikakunja mikono ya gauni, nikaanza kusugua chini ya dirisha lao. Ndani wakaanza kuimba. Mimi nikaanza kuomba kwa sauti ya kutosha, bila kupunguza neno. Nikamwombea Mama Chenge. Nikawaombea watoto wa Ajwang. Nikamwombea yule muuguzi na watu wa Kiseke watakaopanga foleni kesho. Nikamwombea Mama Odeta pia, kwa jina.

Wimbo ukapungua, kisha ukakatika.

Nilipofika mwisho wa ombi, kutoka dirishani sauti moja ya kike ikasema, "Amina."

Sikuinua kichwa kutazama ni nani. Nikakamua shuka la kwanza, nikalianika kwenye kamba, nikachukua la pili.