Taipureta za Majasusi

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Bi Kasi na mumewe walifunga mapazia ya sebuleni, wakakaa kwenye kochi lao lililobonyea pande mbili, wakatazama filamu za zamani za majasusi. Usidhani walikuwa wanamfuatilia jasusi. Jasusi angeweza kupigwa risasi, kuoa au kugeuka msaliti, wao hawana habari. Walichokuwa wanawinda ni taipureta. Katika filamu zile hakuna ofisi ya siri isiyokuwa na taipureta, na hakuna taipureta iliyopita kwenye kioo bila mmoja wao kuipigia kelele.

Mchezo ulikuwa na kanuni moja tu: anayewahi kuitambua anaitaja, na anayeshindwa anaosha vyombo. Waliziita kwa majina yao wenyewe, yale waliyozipa enzi za kazi, maana mume alikuwa fundi wa taipureta wa shirika la bima, na mke mchapaji katika shirika hilohilo. Ile kubwa ya ofisini, nzito, isiyobanduka mezani na inayosikika mpaka ghorofa ya juu, waliiita Shangazi. Ile ndogo ya safari, inayofungwa kwenye kisanduku chenye mpini, ilikuwa Kinda. Na ile nyeusi ya zamani kabisa, yenye vioo ubavuni, ndiyo Mjane. Majina yalienea ofisi nzima, hadi mkurugenzi mwenyewe siku moja akatoka mlangoni kuuliza Shangazi wa nani kaharibika.

Jina la Bi Kasi nalo lilitoka hukohuko. Alikuwa anachapa mbio mpaka vile vyuma vya herufi vinapandana na kukwama, na lazima Fundi aitwe kuja kuvitenganisha. Fundi akaitwa, akaitwa, mpaka wenzao wakaanza kukonyezana. Fundi alikuwa na masikio ya ajabu. Alijigamba kwamba anaweza kusimama kwenye korido, macho kayafumba, akasema nani anachapa na anachapa kwenye mashine gani. Wakamjaribu, asikosee hata mara moja. Bi Kasi alimpendea hapo, ingawa mpaka leo anadai alimwonea huruma tu.

Sasa, mtu wa namna hiyo akianza kukosea taipureta, mkewe afanye nini?

Mara ya kwanza Bi Kasi alicheka. Katika filamu kulikuwa na mwanamke kwenye chumba cha hoteli, kaweka Kinda kitandani, anachapa barua ya kumsaliti mchumba wake. Fundi akapaza sauti, "Shangazi!" Bi Kasi akadhani ni utani. Jumapili iliyofuata Mjane alikaa mezani pa jenerali, vioo vinametameta, na Fundi akasema bila wasiwasi, "Kinda huyo." Safari hii Bi Kasi hakucheka. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yake, ili tu apate mahali pa kusimama peke yake.

Maana makosa hayakuwa ya taipureta peke yake. Fundi alikuwa ametia chumvi kwenye chai, akainywa hivyohivyo kwa kiburi. Alikuwa amemsalimia jirani kwa jina la jirani mwingine. Jioni moja aliupita mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaenda kuhangaika na kitasa cha watu. Na Bi Kasi aliijua njia hiyo. Dada yake mkubwa alianza hivyohivyo, kwa vitu vidogo vya kuchekesha, akaishia kumwita yeye "mama" na kumwomba ruhusa ya kwenda kucheza. Bi Kasi alimuuguza mpaka mwisho. Hakuna kitu duniani alichokiogopa kama kumpoteza mume kwa namna ile, akiwa bado amekaa palepale kwenye kochi.

Alimpigia simu binti yao, yule anayewatumia filamu.

"Mama, mpeleke hospitali," binti akasema.

"Nikamwambie nini daktari, mwanangu? Kwamba mume wangu kachanganya taipureta?"

"Mwambie ukweli. Au mwambie baba mwenyewe kwanza."

Hilo ndilo lililomshinda. Fundi ni mtu wa kufa na tai shingoni. Ukimuuliza kama anaumwa, anakuuliza wewe unaumwa nini. Bi Kasi akapiga moyo konde akasubiri Jumapili, akijiambia kwamba akikosea tena, atasema.

Filamu ya Jumapili hiyo ilikuwa ya treni. Jasusi kakunja kola ya koti, anajifanya anasoma gazeti, na mbele yake kaketi mwanamke mwenye kofia ya manyoya anayechapa ripoti ya siri. Mashine kaipakata mapajani. Bi Kasi aliiona vizuri kabisa, Kinda, mpaka mpini wa kisanduku chake ulionekana. Akanyamaza makusudi, kumpa mwenzake nafasi.

"Shangazi!" Fundi akapiga paja lake kwa furaha. "Tena yule mpana, wa kuchapia mahesabu. Leo vyombo vyako!"

"Shangazi yuko wapi, Fundi?"

"Si huyo hapo! Huoni?"

"Ndani ya treni? Kapakatwa?"

Fundi akajikuna kidevu. "Mwanamke mwenye nguvu huyo," akasema.

Siku nyingine Bi Kasi angeanguka chini kwa kicheko. Shangazi alihitaji wanaume wawili kumhamisha meza, na mmoja wao lazima alalamike mgongo. Lakini sasa aliinuka. Akasema anakwenda kutazama chai, na wala hakukuwa na chai jikoni. Akasimama mbele ya sinia la vyombo, akashika kikombe, akakirudisha, akakishika tena.

Hapo ndipo alipoisikia filamu. Kutoka jikoni kioo hakionekani, ni sauti tu inayofika, na sauti iliyofika ilikuwa ya vishindo vizito vya chuma, kisha kengele nene ya mwisho wa mstari, kisha ule mkwaruzo mrefu wa mashine kurudishwa mwanzo. Bi Kasi alikuwa ameishi ndani ya sauti hiyo ujana wake wote. Vidole vyake viliijua kabla ya kichwa. Ile haikuwa sauti ya Kinda hata kidogo. Alikuwa Shangazi, tena yule mpana, wa kuchapia mahesabu.

Wale watengenezaji wa filamu, wasiojua taipureta wala adabu yake, walikuwa wamempiga picha Kinda ndani ya treni, kisha wakaenda zao kurekodi sauti ya mashine ya kwanza waliyoikuta ofisini. Mtazamaji gani angejua?

Bi Kasi alirudi sebuleni mikono mitupu. Alichukua rimoti akazima sauti, picha akaiacha.

"Sauti imekatika," Fundi akasema.

"Najua. Picha ipo. Haya, taja hiyo iliyopo sasa hivi."

Fundi akainua kidevu kuelekea kwenye kioo. Akakunja uso, akaulegeza. "Iko gizani hiyo."

"Kuna jua kali. Taja."

"Nipe nafasi, mwanamke, mambo haya hayataki papara." Akasogea mbele. "Ni Mjane."

Bi Kasi akamtazama mumewe kwa muda, kisha akakitazama kioo.

"Ni mbwa, Fundi," akasema taratibu. "Mbwa wa mlinzi. Kalala langoni."

Fundi alianza kutetemeka mabega, na Bi Kasi akadhani analia, akamkimbilia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Bi Kasi naye akaangukia kochini akicheka na kulia kwa pamoja, hata yeye mwenyewe asijue kipi ni kipi.

"Angalau mbwa mweusi?" Fundi akauliza alipopata pumzi.

"Mweupe! Mweupe pee!"

Walipotulia, Bi Kasi akamshika mkono. "Tangu lini?"

"Ilianza kama ukungu. Nikadhani ni miwani, nikawa naifuta. Halafu ukungu ukakaa. Sasa naona mwanga, na naona kitu kinapita, lakini kitu gani, hapo sijui."

"Na hukuniambia."

"Ungeanza kunionea huruma. Ungekuwa unaniachia nishinde." Akaguna. "Nisingevumilia kushinda kwa sadaka. Kwa masikio nilikuwa nawamudu wote, mpaka hawa watu wa filamu wakaanza ulaghai wao."

"Mimi nilidhani ni kichwa," Bi Kasi akasema. "Nilidhani unakwenda alikokwenda dada. Kila asubuhi nilikuwa nakusubiri ufungue mdomo, nisikie kama bado utaniita jina langu."

Fundi akageuka upande wake. Hili hakulitarajia. Alikuwa ameficha macho ili asionewe huruma, kumbe amempa mkewe wasiwasi mkubwa zaidi ya upofu.

"Nikusahau wewe?" akasema. "Na makelele yote hayo?"

Bi Kasi akampiga na mto wa kochi. Alimpiga kwa mapenzi na kwa hasira pia, kwa sababu yote mawili alikuwa nayo. Kisha akamwambia kwamba kesho wanakwenda hospitali ya macho, na Fundi akasema hapana. Akasema ameshasikia wanavyopasua jicho la mtu akiwa macho. Akasema anaogopa, neno ambalo mkewe hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Mwanga aliobaki nao ulikuwa kidogo, lakini ulikuwa wake, na wakimzimia huo je?

"Mimi niko hapa," akasema. "Wewe utanisimulia. Jasusi nani, kashika nini, kavaa nini. Yatosha."

Bi Kasi akaona hamuwezi, si leo. Akawasha sauti, akasogea karibu, akaanza kumsimulia. Alimsimulia yule mwanamke wa kwenye treni, kwamba anachapa kwa vidole viwili na kucha ndefu, ripoti gani itakamilika hivyo. Alimsimulia kofia ya manyoya na jasusi aliyeshika gazeti juu chini. Fundi alisikiliza huku akitabasamu. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani.

"Na wewe uko vipi siku hizi?"

"Mimi?"

"Uso wako. Ni siku nyingi sijauona."

Bi Kasi akajigusa shavu. "Nimezeeka," akasema. "Mvi zimefika mbele kabisa. Kuna mikunjo hapa mdomoni, haikuwapo. Nimekonda kidogo."

Kwenye kioo treni iliingia stesheni, watu wakashuka, na Bi Kasi hakuwasimulia. Mumewe alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaipata rimoti, akaizima filamu yote.

"Hiyo hospitali," akasema, "wanafungua saa ngapi?"

"Si umesema unaogopa?"

"Bado naogopa. Majasusi nisimulie upendavyo. Lakini wewe sitaki kusimuliwa."