Mkono Kwenye Mkanda wa Mbwa

Tangu asubuhi Elsabé alikuwa na furaha. Binti yake Mieke alikuwa anatimiza miaka sita, na kwa mara ya kwanza mtoto mweusi alikuwa amealikwa katika nyumba yao ya Kroonstad, Afrika Kusini. Alikuwa Dineo, rafiki wa Mieke wa darasani. Weusi wengine wote walioingia pale walikuja kufua au kukata majani. Elsabé alijiona amepiga hatua, na kimoyomoyo akajipongeza.

Wazungu wenzao waliingia na watoto wao, na mbwa wao Wagter hakunyanyua hata kichwa. Faan, mjomba wa Mieke, alikuwa kwenye nyama choma akigeuza soseji.

Ndipo Dineo akatokea getini na mama yake, Keneiloe. Mtoto alivaa gauni la njano, zawadi kaikumbatia kifuani. Elsabé aliinuka kwenda kuwapokea, na alipompita Wagter akamshika mkanda wa shingoni, asije akaleta fujo. Mbwa akaruka kama kachomwa moto. Akabweka mpaka mate yakamtoka. Dineo akajificha nyuma ya mama yake, zawadi ikaanguka vumbini.

"Pole, mama Dineo! Haumi huyu," alisema Elsabé. "Hajazoea tu..."

"Hajazoea nini?" aliuliza Keneiloe, kwa upole kabisa.

Elsabé akazidi kuukaza mkanda.

"Mwache mbwa afanye kazi yake, bwana!" Mjomba Faan akapaza sauti. "Anawajua wageni na wasio wageni!" Baadhi ya watu wakacheka.

"Mama, mwachie," alisema Mieke. "Ukimshika hivyo ndiyo anabweka. Hata akipita yule baba wa takataka, unamvuta hivyohivyo."

Elsabé akautazama mkono wake. Ulikuwa umekaza mkanda mpaka vidole vimekufa ganzi. Kwa wale watoto wengine hakumgusa mbwa hata kidogo. Siku zote alisema Wagter kazaliwa na tabia ya kuwabwekea weusi.

Akamfungia mbwa stoo, akarudi getini, akaokota zawadi na kuifuta vumbi kwa nguo yake.

"Si mbwa, mama Dineo. Ni mimi niliyemfundisha. Sikujua, lakini ni mimi."

Keneiloe akamvuta binti yake karibu.

"Nimekusikia. Ila leo mwanangu haingii. Anatetemeka."

"Naweza kumleta Mieke kwenu?"

"Mlete Jumapili. Na wewe uje, usimwache mlangoni ukakimbia." Akambeba binti yake. "Sisi pia tuna mbwa. Wetu anambwekea kila mtu."

Wakaondoka. Mieke alikuwa ameanza kulia.

"Dineo ameenda wapi?"

Elsabé akachuchumaa. Nyuma yake Mjomba Faan alikuwa bado anacheka, na wote walikuwa wanasikiliza.

"Ameenda kwao, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kuwafikia wote. "Nimemfukuza mimi."